Intaneti ya nyumbani ikizorota: pima kwanza, kisha amua kuhusu faiba

Wakazi wengi wa miji kama Dar es Salaam na Nairobi, intaneti ya nyumbani inapozorota, hufikiria dawa moja tu: kuhamia faiba. Dawa hiyo huenda ikafaa, lakini si kila mara. Faiba huondoa tatizo lililoko kati ya nyumba na mitambo ya kampuni inayotoa huduma. Tatizo lililoko ndani ya nyumba hubaki palepale, na mteja hujikuta akilipa zaidi kwa kasi ileile.

Jambo la kwanza ni kufahamu kilichonunuliwa. Kampuni hutangaza kasi kwa megabiti kwa sekunde, ilhali kompyuta mara nyingi huonyesha ukubwa wa faili kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Hivyo, mwenye huduma ya megabiti 10 anayeona faili likishuka kwa megabaiti 1.2 kwa sekunde hajapunjwa. Amepata karibu chote alicholipia. Aidha, baadhi ya vifurushi visivyo na kikomo hupunguzwa kasi matumizi yakifikia kiwango kilichoandikwa katika mkataba.

Jambo la pili ni kupima. Kompyuta iunganishwe na rauta kwa waya, vifaa vingine viondolewe kwenye mtandao, kisha kasi ipimwe kwa kutumia tovuti ya kupimia. Kipimo kirudiwe asubuhi, mchana na kati ya saa 2 na saa 4 usiku, kwa siku kadhaa, na matokeo yaandikwe. Baada ya hapo kasi ipimwe bila waya, chumba kwa chumba.

Ikiwa kasi ni nzuri kwa waya lakini ni duni chumbani, kosa ni la Wi-Fi, wala faiba haitalirekebisha. Kuta za matofali ya saruji na zege lenye nondo hudhoofisha mawimbi ya redio. Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi, lakini hugombaniwa na rauta za majirani na hata oveni ya maikrowevu. Katika masafa hayo ni chaneli 1, 6 na 11 tu zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, ila hupenya kuta kwa shida. Rauta iwekwe juu, katikati ya nyumba, isifichwe nyuma ya televisheni. Neno la siri libadilishwe, maana huenda nusu ya mtaa inalifahamu.

Ikiwa kasi ni duni hata kwa waya, nyakati zote, njia yenyewe ndiyo yenye kasoro. Kwa laini ya simu ya waya wa shaba, kasi hupungua kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo cha simu, na waya uliochakaa huongeza adha. Kwa rauta inayotumia laini ya simu ya mkononi, ni vyema kwanza kuisogeza dirishani. Kasi ikishuka usiku pekee, kwa kawaida ni msongamano, kwa kuwa mnara mmoja huhudumia watu wengi. Hapo ndipo faiba huwa na manufaa ya kweli.

Hata hivyo, ipo hitilafu ambayo mteja hana uwezo nayo. Tangu mkongo wa Seacom ulipoanza kazi mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya Afrika Mashariki hupita chini ya bahari. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo, mwenye faiba naye huathirika.

Anayeamua kuhamia faiba asinunue kasi kubwa kupita mahitaji. Netflix, kwa mfano, inapendekeza megabiti 5 kwa picha za kiwango cha juu na 15 kwa zile za 4K. Kwa familia ya watu wanne isiyotazama 4K, megabiti 20 zaweza kutosha. Aulize pia kasi ya kupakia, gharama ya kufunga, muda wa mkataba, na iwapo mwenye nyumba anaruhusu kuta kutobolewa. Akumbuke kwamba kifaa cha faiba huhitaji umeme. Ukikatika, huduma nayo hukatika kama hakuna betri ya akiba.

Huduma ya zamani isisitishwe kabla mpya haijapimwa kwa waya, saa zilezile za awali, na kulinganishwa na matokeo yaliyoandikwa.