Vuli Thika: Maporomoko, mlima na bwawa

MVUA za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, na ndio msimu ambao mito ya eneo la Thika humdhihirishia mgeni nguvu zake. Atokaye Nairobi hupita Ruiru, Juja na Witeithie kabla ya kuingia mjini, na wengi hawasimami popote.

Kivutio kikuu ni maporomoko ya Fourteen Falls katika Mto Athi, yafikiwayo kwa barabara ya Garissa. Kimo chake ni takriban mita 27. Wakati wa kiangazi maji hugawanyika yakateremka kwa mikondo mbalimbali, ile iliyoyapa maporomoko jina lake. Mvua ikishika, mikondo hiyo huungana ikawa ukuta mmoja wa maji ya rangi ya udongo, na ngurumo yake husikika kabla ya kuonekana.

Lakini Athi hupokea maji ya Mto Nairobi pamoja na uchafu wote wa jiji. Povu jeupe linalomvutia mpiga picha si la kuogewa, sembuse kunywewa. Vijana wa huko huwavusha wageni kwa mashua kwa malipo. Mto ukifurika, heri kutazama kutoka ukingoni. Mawe huteleza, na mkondo hausamehe.

Karibu na hapo umesimama mlima Ol Donyo Sabuk, ambao wenyeji huuita Kilimambogo kwa sababu ya nyati wake. Ulifanywa mbuga ya taifa mwaka 1967, na kilele chake kimepita mita 2,100. Kupanda kwa miguu bila kusindikizwa na askari wa wanyamapori ni kujitia hatarini, kwani nyati hujificha kichakani na ukungu wa vuli huzidi kuwaficha. Asubuhi ikitakata, Mlima Kenya huonekana. Huenda na Kilimanjaro pia.

Ubavuni mwa mlima huo amezikwa William Northrup McMillan, bwanyenye mzaliwa wa Marekani ambaye mwaka 1909 alimkaribisha Theodore Roosevelt katika shamba lake la Juja. Alifariki 1925. Inasimuliwa kwamba alitaka kuzikwa kileleni, ila gari lililobeba maiti lilishindwa na mteremko, akazikwa njiani. Maktaba ya Nairobi iliyofunguliwa 1931 ina jina lake.

Mjini Thika, hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa 1908, imekaa baina ya maporomoko ya Chania na yale ya Thika. Mgeni hunywa chai huku akiyatazama, bila kupanda chochote. Bustani ya Mugumo nayo ni kumbukumbu ya mti ambao, kwa utabiri wa Mugo wa Kibiru, kuanguka kwake kungeashiria mwisho wa utawala wa wakoloni. Wazungu waliuzungushia ukuta ili usianguke. Ulianguka 1963, mwaka wa uhuru.

Mwenye siku ya ziada aelekee Gatanga, kwenye bwawa la Ndakaini lililokamilika 1994. Lina uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, na sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka humo. Ndiyo sababu wakazi wa jiji hufuatilia kina chake kila vuli. Mashamba ya majani chai yamelizunguka. Huko ni juu na baridi hukeketa: beba sweta, na viatu visivyoogopa matope.