Ufunguo wa siri (intaneti)

Ufunguo wa siri ni njia ya kuingia kwenye akaunti ya mtandaoni bila kuandika nenosiri. Mtumiaji huthibitisha kwamba ni yeye kwa njia ileile anayotumia kufungua simu au kompyuta yake: alama ya kidole, sura ya uso au namba ya siri ya kifaa. Maduka makubwa ya mtandaoni, kama vile Amazon na eBay, huwaruhusu wateja kutumia ufunguo wa siri huku nenosiri la kawaida likiendelea kuwepo. Kwa hiyo akaunti moja huwa na njia mbili za kuingilia, na usalama wake hutegemea ile iliyo dhaifu zaidi.

Historia

Manenosiri ya kompyuta yalianza kutumika katika miaka ya 1960. Mfumo wa CTSS wa chuo cha MIT, Marekani, ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuyatumia, kwa sababu watu wengi walishirikiana kompyuta moja na kila mmoja alihitaji kulinda faili zake.

Msingi wa kihisabati wa ufunguo wa siri ulikuja baadaye. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha wazo la kulinda mawasiliano kwa funguo mbili zinazohusiana, mmoja wa wazi na mwingine wa binafsi.

Mwaka 2012 ulianzishwa muungano wa makampuni uitwao FIDO, kwa lengo la kupunguza utegemezi wa manenosiri. Machi 2019 shirika la W3C, linalosimamia viwango vya Wavuti, lilipitisha kiwango cha WebAuthn kinachoeleza jinsi vivinjari na tovuti zinavyotumia funguo hizo. Mei 2022 makampuni ya Apple, Google na Microsoft yalitangaza kwa pamoja kwamba yangepanua matumizi yake katika vifaa vyao. Kampuni ya malipo ya PayPal ilitangaza kuanza kuzitumia Oktoba 2022, na Amazon ilifanya hivyo Oktoba 2023.

Namna unavyofanya kazi

Mteja anapounda ufunguo wa siri, kifaa chake hutengeneza funguo mbili. Ufunguo wa wazi hupelekwa kwenye seva ya duka. Ufunguo wa binafsi hubaki kwa mteja, ndani ya kifaa au katika programu ya kutunza manenosiri, wala duka halipewi kamwe.

Mteja anapotaka kuingia, seva hutuma data ya nasibu ambayo hutumika mara moja tu. Mteja hugusa kihisio cha alama ya kidole au kuandika namba ya siri ya simu. Hapo kifaa hutia saini ya kidijitali kwenye data hiyo kwa kutumia ufunguo wa binafsi. Seva huikagua saini kwa ufunguo wa wazi, na ikipatana, mteja huingia. Alama ya kidole yenyewe haitumwi dukani. Kazi yake ni kukiruhusu kifaa kutumia ufunguo.

Mteja anaweza pia kuingia kwenye kompyuta isiyo yake kwa kupiga picha ya msimbo wa QR kwa simu. Vifaa hivyo viwili huthibitisha kwa Bluetooth kwamba viko karibu, na ufunguo haunakiliwi kwenye kompyuta hiyo.

Faida kuliko nenosiri

Akaunti ya ununuzi mara nyingi huhifadhi kadi ya benki, anwani ya nyumbani na kumbukumbu za maagizo. Aliyeiba nenosiri anaweza kuagiza bidhaa kwa fedha za mwenye akaunti na kubadili anwani ya kupelekewa mzigo.

Ufunguo wa siri huzuia njia tatu kuu za wizi huo. Kwanza, umefungamanishwa na anwani halisi ya tovuti. Tovuti bandia yenye anwani inayofanana hata kwa tofauti ya herufi moja haiwezi kuutumia, hata kama mteja mwenyewe amedanganyika. Pili, seva ya duka ikivamiwa, wezi hupata funguo za wazi tu, ambazo haziwawezeshi kuingia. Tatu, kila tovuti ina ufunguo wake. Hivyo hakuna siri moja inayoweza kuibwa kwenye tovuti moja na kujaribiwa kwenye nyingine.

Kwa nini nenosiri hubaki

Maduka mengi hayafuti nenosiri mteja anapounda ufunguo wa siri. Wapo wateja wenye simu za zamani, wanaopoteza vifaa, na wanaohama kutoka aina moja ya simu kwenda nyingine. Ufunguo uliosawazishwa katika akaunti ya Apple au Google huonekana kwenye simu mpya ya mfumo uleule, lakini ule uliohifadhiwa kwenye kifaa kimoja tu hupotea pamoja nacho. Nenosiri huwa njia ya akiba.

Njia hiyo ya akiba ndiyo udhaifu wa mpango mzima. Ikiwa nenosiri la zamani ni fupi, au limetumika pia kwenye tovuti nyingine, mwizi hana haja ya kushindana na ufunguo wa siri. Vivyo hivyo, duka likiruhusu nenosiri kubadilishwa kwa kiungo kinachotumwa kwa barua pepe, aliyeiteka barua pepe ya mteja anaweza kuiteka na akaunti yake ya ununuzi.

Tahadhari

Mteja anayetumia njia zote mbili hushauriwa:

- kubadili nenosiri la zamani kuwa refu na lisilotumika kwingine;
- kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili kwa anayeingia kwa nenosiri;
- kulinda akaunti ya barua pepe kwa kiwango hichohicho;
- kuwa na ufunguo wa siri kwenye zaidi ya kifaa kimoja;
- kufuta katika mipangilio ya akaunti funguo za simu iliyouzwa au kupotea;
- kutounda ufunguo kwenye kompyuta ya ofisi au ya mgahawa wa intaneti;
- kutomwambia mtu namba ya kufungulia simu, kwa kuwa mwenye simu na namba hiyo anaweza kuutumia ufunguo.