Kutoka Shengena hadi Mirihi: safari ya kutafuta ngao

Anayepanda kutoka Same mjini kwenda Chome huhisi baridi ikizidi na ukungu ukimshukia. Kuna kingine kinachozidi asichokihisi: mionzi itokayo anga za mbali. Akifika kilele cha Shengena, mita 2,463, takriban robo ya hewa ya dunia imebaki chini ya miguu yake.

Hewa hiyo ndiyo ngao yetu. Pwani, juu ya kila mita moja ya mraba, ina uzito wa tani 10 hivi. Aliyewahi kusimama kwenye ukingo wa ndiva, bwawa la kumwagilia la Wapare, na awazie bwawa la kina cha mita 10 limetandazwa juu ya nchi nzima. Ndivyo tulivyofunikwa.

Mwaka 1912, Victor Hess wa Austria alipanda kwa puto zaidi ya mita 5,000, akagundua kuwa mionzi huongezeka kadiri mtu anavyopaa. Mwaka 1958, vipimo vya James Van Allen wa Marekani vilionyesha kwamba dunia imezungukwa na mikanda ya mionzi iliyonaswa na usumaku wake.

Historia hii ilipita karibu na kwetu. Tunguu, Unguja, takriban kilometa 300 kutoka Same, Wamarekani walijenga kituo cha kufuatilia safari za Mercury, za wanaanga wao wa kwanza. Tarehe 9 Julai 1962, Marekani ililipua bomu la nyuklia kilometa 400 juu ya Bahari ya Pasifiki. Mlipuko ukazaa mkanda mpya wa mionzi, na satelaiti kadhaa zikaharibika. Miezi mitatu baadaye, mwanaanga wa Mercury, Walter Schirra, aliruka akiwa na vipimo vya mionzi ndani ya chombo chake. Vilionyesha kiasi kidogo, akarudi salama. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, kituo cha Tunguu kilifungwa.

Wasafiri wa Apollo, waliokwenda Mwezini, walikingwa zaidi na mwendo wa kasi na ufupi wa safari. Bahati nayo ilisaidia: Agosti 1972 jua lilirusha dhoruba kali ya mionzi, Apollo 16 ikiwa imesharudi tangu Aprili na Apollo 17 ikisubiri Desemba.

Mirihi haina njia ya mkato. Kipimo kilichosafiri na gari la Curiosity kilionyesha kuwa kwenda na kurudi tu kungempa mtu takriban milisiveti 660, ilhali tangu 2022 NASA imeweka kikomo cha 600 kwa maisha yote ya kazi ya mwanaanga. Risasi na chuma si jibu rahisi: ni vizito, na mionzi mikali ikivigonga huzaa chembe nyingine. Vitu vyenye haidrojeni nyingi, kama maji na plastiki, hukinga vizuri zaidi kwa uzito uleule. Mwaka 2022, chombo cha Artemis I kilizunguka Mwezi kikiwa na sanamu mbili za viwiliwili vya kike, Helga na Zohar. Zohar alivishwa fulana ya kinga, Helga hakuvishwa, ili tofauti ipimwe.

Watoto wa Same na Tunguu wanastahili kufundishwa habari hii kama sehemu ya historia yao. Wapare walijenga ndiva, maji yakusanywe usiku na kufunguliwa asubuhi yanyweshe mashamba. Msafiri wa Mirihi naye atalazimika kuhesabu kila lita: maji ya kunywa, yaliyopangwa vyema kumzunguka, ndiyo yatakayokuwa ukuta wake.