Meza ya Mbao, Meza ya Marumaru

Njia ninayoifuata ni fupi: korido moja ya taasisi ya fizikia, mtaa wa Via Panisperna, Roma. Mwaka 1934 Enrico Fermi na Edoardo Amaldi walikuwa wakitimua mbio humo, sampuli mkononi, kila mmoja akitaka kumtangulia mwenzake. Chanzo cha nyutroni, kichupa cha kioo chenye unga wa berili na gesi ya radoni, kilikaa upande mmoja; kifaa cha kuhesabu mionzi kilikaa mbali, upande wa pili, kisije kikahesabu mionzi ya kichupa. Fedha iliyopigwa nyutroni haingoji mtu: sehemu ya mnururisho wake hupungua nusu kila baada ya sekunde 24. Ukitembea kwa madaha, umechelewa.

Oktoba, Amaldi na Bruno Pontecorvo wakaona jambo la ajabu. Fedha ikipigiwa juu ya meza ya mbao hunururika kuliko ikipigiwa juu ya marumaru. Mwingine angesema vipimo vimekosewa, akaenda zake kula. Hao hawakupuuza, na hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Tarehe 22, Fermi alikuwa ameshachonga kipande cha risasi akiweke kati ya chanzo na fedha. Dakika ya mwisho akakiacha, akachukua nta ya mishumaa. Hesabu ikaruka juu.

Nyutroni haina chaji, kwa hiyo hupita katikati ya elektroni kama mwizi aliyekuta geti wazi. Kinachoizuia ni kiini chenyewe. Waliocheza gololi wanajua: ikigonga jiwe hurudi na kasi yake, ikigonga gololi nyenzake, huiachia kasi, yenyewe ikanyong'onyea. Kiini cha risasi kinaizidi nyutroni uzito mara 200 na ushee, hilo ndilo jiwe. Protoni ya haidrojeni inalingana nayo karibu sawa, na kila mgongano huipokonya, kwa wastani, nusu ya nishati. Nta na mbao zimejaa haidrojeni, marumaru, wapi! Nyutroni iliyochoka hukawia jirani na kiini cha fedha, ikamezwa kwa urahisi.

Usiku huo waliandika barua ya kisayansi nyumbani kwa Amaldi, Fermi akitamka, Emilio Segrè akiandika, wengine wakizunguka chumbani na kupaza sauti. Walipoondoka, mtumishi wa nyumba aliuliza kwa woga kama wageni wale walikuwa wamelewa.