Gome la muiri: lilivyomtibu mzee na kuumaliza mti

Ukitembea kwenye misitu ya Mlima Kenya, chukua jani moja la muiri ulisugue viganjani. Litanukia lozi. Kisayansi mti huu unaitwa Prunus africana, na ni ndugu wa mlozi na mpichi. Hukua kwenye nyanda za juu, kuanzia Kamerun hadi Ethiopia, Afrika Kusini na Madagaska.

Waganga wetu waliujua zamani sana. Gome lake lilitwangwa au kuchemshwa, mgonjwa akapewa anywe kwa ajili ya homa, maumivu ya kifua, tumbo, na yale matatizo ya mkojo ya wazee. Mganga alibandua kipande tu, mti ukaendelea kuishi.

Sasa hapa ndipo mambo yalipobadilika. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya dawa iliyotokana na gome hilo, ya kutibu kuvimba kwa tezi dume. Vidonge vikaanza kuuzwa Ulaya. Je, vinafanya kazi? Mapitio ya mwaka 2002 yalikusanya majaribio 18 yenye wanaume zaidi ya 1,500. Wengi walipata nafuu ya wastani: usiku waliamka mara chache zaidi kwenda kukojoa. Lakini majaribio mengi yalikuwa ya muda mfupi. Kwa hiyo wazee hawakuwa wakijidanganya, ila pia si dawa ya saratani. Ukiona damu kwenye mkojo, nenda hospitali.

Shida ni kwamba kiwanda hakitosheki na kipande. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kupitia sehemu ya ndani ya gome. Ukilibandua kuzunguka shina lote, mizizi inakufa njaa na mti unakauka. Kamerun ilikuwa na kanuni nzuri tu: bandua pande mbili zinazotazamana, kisha usubiri miaka kadhaa gome liote tena. Lakini mahitaji yalipopanda, wavunaji walibandua mti mzima, wengine wakaukata kabisa. Na ukijiuliza fedha ilienda wapi, jua kwamba mwanakijiji alilipwa kwa kilo za gome, wakati faida kubwa ilibaki kwenye kidonge.

Mwaka 1995 muiri uliingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua gome la Kamerun.

Kumbe jibu lilikuwa limeshaanza kuota shambani. Wakulima wa nyanda za juu za Kamerun walikuwa wanaupanda wenyewe, pembeni ya kahawa na mahindi. Inahitaji subira, maana gome huchukua miaka mingi kufaa kuvunwa. Lakini ukweli ni huu: tukilinda maarifa ya mganga halafu tukapoteza mti, hatujalinda kitu.