Mufilisi Aliyeshika Daftari: Ndugu wa Tappan na Historia ya Kurudi Kukopesheka

Katika maduka mengi ya kwetu Uganda kuna daftari ambalo mteja haonyeshwi. Humo huandikwa nani amechukua sukari, nani amelipa nusu, na nani asipewe tena. Mjomba wangu alikuwa na daftari kama hilo mjini Mbarara mpaka duka lake lilipofungwa kwa deni la benki. Alilipa deni lote kwa miaka minne, akiuza ng'ombe na sehemu ya shamba la migomba. Aliporudi kuomba mkopo mdogo, aliambiwa kuwa jina lake bado lina doa. "Mwanangu," aliniuliza, "kama nimelipa, wananikumbuka kwa nini?" Swali hilo ndilo lililonipeleka maktaba. Insha hii inalichunguza kupitia kisa cha ndugu wawili wa New York katika karne ya 19, kwa sababu kazi ya kuandika sifa za wakopaji na kuziuza ilikua kwa kiasi kikubwa mikononi mwao, na mmoja wao alikuwa mufilisi.

Arthur Tappan alizaliwa mwaka 1786 Northampton, Massachusetts, na mdogo wake Lewis mwaka 1788. Arthur alitajirika New York kwa kuagiza hariri kutoka ng'ambo na kuiuza kwa jumla. Lewis naye alifanya biashara Boston, mambo yakamwendea vibaya, kaka yake akamchukua kazini mwishoni mwa miaka ya 1820. Wote wawili walikuwa watu wa dini, wagumu, wasiopenda mzaha, na walipiga vita utumwa waziwazi. Msimamo huo uliwagharimu. Mwezi Julai 1834 wafanya ghasia walivamia nyumba ya Lewis na kuchoma samani zake barabarani. Wafanyabiashara wengi wa majimbo ya kusini walikataa kununua kwao.

Mwanzoni Arthur aliuza zaidi kwa fedha taslimu na kwa faida ndogo. Baadaye alifuata desturi ya wenzake: mwenye duka wa bara alikuja New York, akachukua mali, akaacha hati ya ahadi ya kulipa baada ya miezi kadhaa. Desturi hiyo ilisimama juu ya jambo moja tu, kwamba kila mtu angelipwa na mtu mwingine. Mtikisiko wa fedha ulipofika mwaka 1837, hakuna aliyelipwa. Mwezi Mei kampuni ya Arthur ilisimamisha malipo ikiwa na deni lililozidi dola milioni moja, na tarehe 10 mwezi huohuo benki za New York zikaacha kubadilisha noti zao kwa dhahabu na fedha.

Hapa ndipo linapoanza somo la namna ya kurudi. Arthur hakukimbia wala hakuficha mali. Aliwaita wanaomdai, akawapa hati mpya za kulipwa kwa awamu pamoja na riba, na kwa miezi 18 hivi akawa amewamaliza. Kwa wafanyabiashara wa wakati ule, hilo ndilo lililomrudishia mtu heshima: kulipa kila senti, hadharani. Lakini heshima ilirudi, fedha hazikurudi. Kampuni haikupata tena nguvu yake ya zamani, na Arthur akazama tena kwa kununua ardhi kwa matumaini ya kuiuza kwa bei kubwa.

Mwaka 1841 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya ufilisi ambayo, kwa mara ya kwanza katika nchi nzima, ilimruhusu mdaiwa mwenyewe kwenda mahakamani, akabidhi mali yake, na kufutiwa madeni yaliyobaki. Ile ya 1800 ilikuwa chombo cha wanaodai peke yao. Hii mpya ilianza kutumika Februari 1842 na ikafutwa Machi 1843, lakini katika kipindi hicho kifupi watu wapatao 41,000 waliikimbilia. Arthur Tappan alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo yule aliyelipa kila senti mara ya kwanza, mara ya pili alishindwa, akasamehewa kwa sheria. Sioni sababu ya kumlaumu, ingawa wapo waliomlaumu.

Wakati huohuo Lewis alikuwa na wazo. Katika majira ya joto ya 1841, miezi michache baada ya Mahakama Kuu kuwaachia huru Waafrika wa meli ya Amistad, kesi aliyoihangaikia sana, alifungua ofisi iliyoitwa Mercantile Agency. Alitafuta watu wa kumwandikia barua kutoka miji mbalimbali, wengi wao mawakili, na baadhi wakiwa marafiki aliowapata katika kupinga utumwa. Waliandika juu ya kila mwenye duka: ana mali gani, anakunywa pombe, ana mke wa namna gani, aliwahi kufilisika? Taarifa zilinakiliwa katika vitabu vikubwa. Mteja aliyelipa ada alikuja ofisini, karani akamsomea kwa sauti. Kuchukua nakala hakukuruhusiwa. Vitabu vya miaka ya 1840 hadi karibu na mwisho wa karne bado vipo Chuo Kikuu cha Harvard, zaidi ya juzuu 2,500.

Tulinganishe na pwani yetu. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja katika karne hiyohiyo waliwapa wenye misafara mali kwa mkopo, na misafara ikapotelea bara kwa miaka. Wao pia walihitaji kujua nani anaaminika, lakini walijua kwa ukoo, kwa ujirani na kwa habari za mdomo. Aliyeharibu jina Unguja aliweza kwenda kumwendea mzee fulani, akaombewa. Kitabu cha Lewis hakikuwa na mzee wa kuendewa. Aliyeandikwa hakujua alichoandikiwa wala aliyemwandika.

Mwishoni mwa miaka ya 1840 ndugu wawili wenye duka Norwalk, Ohio, walifungua kesi, kwa sababu taarifa moja ilidai kuwa mke wa mmoja wao alikuwa karibu kudai talaka na kwamba mali ingegawanywa. Benjamin Douglass, aliyekuwa mshirika katika ofisi hiyo, alifungwa siku 20 mwaka 1851 kwa kukataa kuwataja waliopeleka taarifa. Baraza la wazee wa mahakama liliwapa wadai dola 10,000, lakini Mahakama Kuu ilitengua uamuzi huo mwaka 1870.

Mufilisi aliyetaka kurudi sokoni alipitia vichochoro vingi. Wengine waliajiriwa kama makarani wa watu waliowahi kuwa chini yao. Wengine walifungua duka kwa jina la mke, na waandishi wa taarifa waliligundua mapema wakaliandika. Wengine walilipa madeni ambayo sheria ilikwisha kuyafuta, ili tu kitabu kiandike hivyo. Arthur alipita mlango ambao sikuutarajia: Lewis alipostaafu mwaka 1849, Arthur aliingia ofisini humo kama mshirika pamoja na Douglass, akakaa hadi 1854. Mtu aliyefilisika mara mbili akawa anauza maoni juu ya uaminifu wa wengine! Nadhani aliijua kazi ile kuliko wengi.

Kampuni ilipita kwa R. G. Dun mwaka 1859, na mwaka huo ikatoa kitabu ambacho badala ya maelezo kilikuwa na alama. Maelezo yalikuwa na umbeya, lakini yaliweza pia kusema kwamba mtu ameanguka kwa ajali ya soko na si kwa hila. Alama hazikuwa na nafasi hiyo. Mwaka 1956 Bill Fair na Earl Isaac walianzisha kampuni iliyogeuza sifa ya mtu binafsi kuwa hesabu, na mwaka 1989 ikatoa alama ya jumla iliyotumiwa na wakopeshaji wengi.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna jambo linalojibu swali la mjomba vizuri zaidi. Kwa zaidi ya karne moja sheria ya Marekani ilifuta deni bila kugusa kumbukumbu. Mwaka 1970 ndipo sheria ya taarifa za mikopo ilipompa mtu haki ya kujua kilichomo katika jalada lake na kukipinga, na kuweka kikomo: habari ya kufilisika isitolewe baada ya miaka 14. Mwaka 1978 ikapunguzwa kuwa 10.

Uganda ilipata ofisi yake ya taarifa za mikopo Desemba 2008, na kwa kuwa hatukuwa na vitambulisho vya taifa, kila mkopaji alichukuliwa alama za vidole na kupewa kadi. Sheria yetu mpya ya ufilisi ilitungwa 2011. Mjomba hakwenda tena benki. Muuza jumla mmoja alimpa katoni mbili za sabuni akalipa Jumamosi, wiki iliyofuata akampa nne. Muuza jumla huyo naye ana daftari lake, na mjomba anasema siku moja aliombwa alisome.