Theluji ya nani ni bora? Ubishi uliofika mahakamani

Miaka ya 1990, kampuni ya sarakasi ya Ringling Bros. and Barnum & Bailey iliipeleka serikali ya jimbo la Utah, Marekani, mahakamani kwa ajili ya theluji. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 Utah ilikuwa ikijinadi kwa watalii kwamba ina theluji bora kuliko zote duniani, na mwaka 1985 maneno hayo yakaingia kwenye vibao vya namba za magari. Sarakasi nayo ilikuwa ikijiita onyesho bora kuliko yote duniani tangu karne ya 19, na kwa Kiingereza kaulimbiu hizo mbili hutofautiana kwa herufi moja. Sarakasi ilidai kaulimbiu yake inachakachuliwa. Ikashindwa, na rufaa yake ikatupwa mwaka 1999. Jambo moja tu majaji hawakuombwa kuliamua: je, madai ya Utah ni ya kweli?

Si swali la kupitisha muda. Mtu anayefunga safari kutoka London au New York kwenda kuteleza kwa skii hulipia ndege na hoteli miezi kadhaa kabla, wakati hata wingu halijajikusanya. Anachonunua ni ahadi. Ndiyo maana kila kituo cha skii hutangaza sentimita zake kama muuza samaki anavyosifia kapu lake. Lakini sentimita hazisemi yote. Theluji ni maji kidogo na hewa nyingi, na kiasi cha hewa hubadilika. Kanuni ya zamani husema sentimita 10 za theluji mpya zikiyeyuka hutoa sentimita 1 ya maji. Ipo theluji nyepesi kiasi kwamba hata sentimita 20 hazitoi hiyo moja, na ipo nzito ambayo sentimita 6 au 7 zinatosha. Rula haioni tofauti hiyo. Inataka mizani.

Aliyeipeleka mizani mlimani alikuwa mwalimu wa Kilatini. James Edward Church wa Chuo Kikuu cha Nevada, mjini Reno, alipenda kupanda Mlima Rose, wenye urefu wa mita 3,285, wakati wa baridi, msimu ambao watu wa mjini waliukimbia. Mwanzoni mwa karne ya 20 alijenga huko juu kituo cha kupimia hali ya hewa, kisha akabuni bomba jembamba la chuma la kuchomeka kwenye theluji mpaka ardhini. Ukilitoa na kulipima uzito, unajua maji yaliyolala mlimani ni kiasi gani. Church hakuwa akiwafikiria watelezaji. Kulikuwa na mvutano kuhusu Ziwa Tahoe: wenye nyumba ufukweni walilalamika maji yakipanda, na kampuni ya umeme iliyadhibiti kwa lango lililo kwenye mdomo wa ziwa. Vipimo vyake viliwezesha kukisia ziwa litapanda kiasi gani theluji ikiyeyuka, na kwa hiyo maji yafunguliwe lini. Mpaka leo maeneo makavu ya magharibi ya Marekani hupanga kilimo na maji ya mijini kwa kupima theluji hivyo hivyo.

Kwa nini basi theluji ya mahali fulani iwe nzito na ya kwingine iwe kama unga? Jibu lilianza kupatikana Sapporo, kaskazini mwa Japani. Mwanafizikia Nakaya Ukichiro alihamia huko mwaka 1930. Vifaa vya fizikia alivyozoea havikuwapo, theluji ilikuwapo tele, akaichunguza hiyo. Alipiga picha maelfu ya chembe chini ya hadubini, kisha tarehe 12 Machi 1936, ndani ya chumba cha baridi kali katika Chuo Kikuu cha Hokkaido, akaotesha chembe ya theluji kwenye unywele wa sungura. Alionyesha kwamba umbo la chembe huamuliwa na halijoto na unyevu wa wingu ilimozaliwa. Kwenye nyuzi kama 15 chini ya sifuri, unyevu ukiwa mwingi, huchipuka nyota zenye matawi. Nyota hizo zikirundikana hazibanani; hewa hubaki katikati ya matawi. Hiyo ndiyo theluji ya unga ambayo watelezaji huivukia bahari.

Na Hokkaido imekaa mahali ambapo wingu la namna hiyo hutengenezwa karibu kila siku ya Januari. Upepo mkavu na wa baridi hutoka Siberia, huvuka Bahari ya Japani iliyopashwa moto na mkondo wa Tsushima, hufyonza mvuke, kisha hukutana na milima. Niseko ina mlima wa mita 1,308 tu, kimo ambacho huko Alpu wangekidharau, lakini vituo vyake hutaja takriban mita 15 za theluji kwa msimu. Mchezo wenyewe uliingia Japani kwa mlango wa kijeshi: tarehe 12 Januari 1911, Meja Theodor von Lerch wa jeshi la Austria-Hungaria alianza kuwafundisha askari wa Takada, katika mkoa wa Niigata, kuteleza. Miaka 61 baadaye Sapporo ikaandaa Olimpiki ya majira ya baridi.

Kama ubishi ni wa wingi peke yake, hakuna haja ya kwenda Japani. Katika msimu wa 1998–99, kituo cha Mount Baker katika jimbo la Washington kilipima mita 28.96 za theluji iliyoanguka. Kamati ya wataalamu wa hali ya hewa ya Marekani ilivikagua vipimo hivyo na kuvikubali kuwa rekodi ya Marekani kwa msimu mmoja, inayotajwa pia kuwa ya dunia, ikaipiku ile ya mita 28.5 iliyowekwa Paradise, kwenye Mlima Rainier wa jimbo hilo hilo, mwaka 1971–72. Ila mawingu ya huko hutoka Pasifiki yakiwa na maji tele na joto la karibu na sifuri. Wenyeji wenyewe huiita theluji yao zege, na jirani zao wa milima ya Sierra Nevada huiita ya kwao saruji. Ni majina ya upendo, lakini magoti ya anayegeuka ndani yake yanajua maana yake.

Turudi Utah. Alta ulikuwa mji wa wachimba fedha ambako maporomoko ya theluji yaliua watu wengi. Lifti yake ya kwanza ya skii ilianza kazi mwaka 1939, na baada ya Vita Kuu ya Pili, Monty Atwater aliyetoka jeshini akaanza kuichunguza theluji kwa utaratibu: kina, uzito, upepo, kasi ya kuanguka. Alitafuta dalili za maporomoko, lakini kazi ya namna hiyo ndiyo iliyoacha kumbukumbu ndefu. Alta hupata wastani wa takriban mita 13 kwa msimu. Jim Steenburgh, profesa wa sayansi ya anga wa Chuo Kikuu cha Utah, alichapisha mwaka 2014 kitabu kizima kuhusu theluji hiyo, nacho kinavunja imani mbili za wenyeji. Kwanza, Ziwa la Chumvi lililo jirani huchangia sehemu ndogo tu ya theluji inayoanguka Alta. Pili, theluji ya Utah si nyepesi kuliko zote. Maji yake ni wastani wa asilimia 8 hivi, na yako maeneo ya Colorado yenye theluji kavu zaidi. Siri iko kwenye mpangilio: dhoruba nyingi huanza na theluji nzito kidogo na kumalizia na nyepesi. Skii hupata kitu cha kuelea juu yake. Unga mtupu hauibebi, hukuzamisha mpaka ugonge jiwe.

Milima ya Alpu, kitovu cha utalii wa theluji, huwa haishindi mashindano haya, na hata Olimpiki imewahi kuikuta mitupu. Mwaka 1964 huko Innsbruck, askari wa Austria walisomba maelfu ya mita za ujazo za theluji kutoka juu ili mashindano yafanyike. Hata hivyo Waswisi wa Davos wamekuwa wakipima theluji pale Weissfluhjoch tangu 1936, na vipimo hivyo haviuzi tiketi.

Hilo la tiketi ni muhimu. Mwaka 2009 wachumi Jonathan Zinman na Eric Zitzewitz wa Chuo cha Dartmouth walilinganisha taarifa za vituo vya skii vya Amerika Kaskazini na vipimo vya serikali. Kwa taarifa za vituo, theluji mpya ya mwisho wa wiki ilizidi ya siku nyingine kwa asilimia 23. Mawingu hayajui Jumamosi. Simu za mkononi zilipowawezesha watelezaji kutuma taarifa zao papo hapo kutoka mlimani, chumvi ikapungua sana. Sisi wa Afrika Mashariki tuna kisa cha kinyume chake, cha taarifa ya kweli iliyokataliwa: mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, mwanajiografia William Desborough Cooley alimbishia kwa miaka akiwa London, naye hakuwahi kukanyaga Afrika.

Ningekuwa hakimu wa kesi hii, Mount Baker ningeipa kombe la wingi na kuishia hapo. Januari ningewapa Hokkaido bila kusita, kwa sababu hakuna kwingine ambako theluji nyepesi huanguka mfululizo namna ile. Lakini upepo wa Siberia hulegea ifikapo Machi, wakati dhoruba za Utah bado zinakuja na Alta bado iko wazi mpaka Aprili. Kwa msimu mzima, na kwa rekodi ndefu iliyoanza na mtu aliyekuwa akihofia maporomoko badala ya kuuza vitanda vya hoteli, kura yangu naipa Alta.